Siku tatu Cádiz: kuupanga mji wa kale wa bahari kwa upepo wake na saa zake

Kusini mwa Uhispania, upande wa bahari ya Atlantiki, nchi kavu imetoa ulimi mwembamba ulioingia baharini, na kwenye ncha ya ulimi huo umejengwa mji wa Cádiz. Wenyeji hulikata jina wakasema Kai. Maji yameuzunguka mji wa kale karibu pande zote. Ukiwa katikati yake, shika njia yoyote utakayo, baada ya mwendo mfupi utaisikia bahari.

Nimekwenda mara mbili. Safari ya kwanza nilibeba orodha ndefu ya majengo, nikafika Jumatatu ya mwezi wa Agosti: makumbusho yamefungwa, sokoni hakuna samaki, na upepo wa mashariki unavuma bila kupumzika. Safari ya pili nilianza na mambo ambayo mimi, mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, nilipaswa kuyauliza tangu mwanzo: upepo unatoka wapi, maji yanajaa saa ngapi, na wenyeji wanakula na kulala lini. Nilikaa siku zile zile tatu, nikaona mara tatu ya nilivyoona mwanzo. Hatua hizi nimezipanga kwa kufuata safari hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Chagua siku za wiki kabla ya kuchagua mwezi

Nenda Alhamisi, urudi Jumamosi jioni. Sababu ni za kawaida tu. Jumapili soko kuu limefungwa. Jumatatu makumbusho ya mji hayafunguliwi, na kwa kuwa wavuvi wengi hawaendi baharini Jumapili, meza za samaki huwa tupu siku hiyo. Ukiziweka siku zako tatu kati ya Jumanne na Jumamosi umeepuka hasara hizo zote.

Kuhusu mwezi, bora ni kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni, au nusu ya pili ya Septemba na Oktoba yote. Agosti Cádiz haichomi kama Sevilla, ambako joto hupita nyuzi 40. Hapa bahari hulipunguza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo watu wa bara huteremka wote kuja kupunga upepo, vyumba vikapanda bei na fukwe zikajaa. Desemba na Januari ni kimya, kuna mvua, na mtu wa pwani yetu atahitaji koti.

Kuna pia karamu kubwa ya Carnaval, kabla ya Kwaresima, Februari au mapema Machi. Vikundi vya mitaa hutunga nyimbo za kuwasema wakubwa na kushindana jukwaani katika Gran Teatro Falla, kisha huimba mabarazani. Anayejua jinsi vyama vya beni vya pwani yetu vilivyokuwa vikishindana kwa mavazi na mafumbo atauelewa mchezo ule mara moja. Ila usiku ule si wa kutazama majengo, na vyumba huisha miezi kabla. Uifanye safari yake ya peke yake.

Hatua ya 2: Karatasi

Ukiwa na kibali cha kuishi katika nchi yoyote ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pasipoti yako na kadi hiyo vinatosha. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na unaishi nje ya Schengen, utahitaji viza. Ndugu zetu wa Uingereza, Marekani na Ghuba hukosea hapa: kibali chako cha kuishi London, Minneapolis au Muscat hakichukui nafasi ya viza ya Schengen.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Usingoje siku 15. Miadi yenyewe hukawia, hivyo jipe miezi mitatu. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itakuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Weka chumba unachoweza kukifuta bila kulipa, na usilipe nauli isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Anayekuambia ana mtu ubalozini wa kuharakisha mambo, mwepuke.

Hatua ya 3: Kufika

Cádiz haina uwanja wa ndege. Wa karibu ni wa Jerez, ambako treni inapita karibu na jengo la abiria na kukufikisha Cádiz kwa muda wa kama dakika 45. Ndege nyingi zaidi hutua Sevilla. Kutoka stesheni ya Santa Justa treni huchukua chini ya saa mbili. Kutoka Afrika Mashariki njia iliyo rahisi ni kwenda Madrid kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha treni ya saa nne na zaidi kidogo kuelekea kusini. Kata tiketi ya treni mapema, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Saa za tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 14:35 ni saa nane na dakika 35 mchana wetu. Andika pembeni saa ya Kiswahili, hasa ukisafiri na wazee. Nimeona familia ikiikosa treni kwa kosa hilo.

Kabla ya kufika, treni inakatiza mabwawa ya chumvi ya San Fernando, maji yamegawanywa kwa kuta za udongo kama mashamba ya chumvi ya Gongoni kaskazini mwa Malindi. Weka simu mfukoni dakika kumi uyatazame. Kituo cha mwisho ndicho Cádiz. Reli haiendi mbele kwa sababu mbele ni bahari.

Hatua ya 4: Malazi

Lala ndani ya mji wa kale, yaani ng'ambo ya lango la Puertas de Tierra. Mji mpya ulio nje ya lango una ufukwe mrefu na hoteli kubwa, lakini utapoteza muda kwenye basi. Mtaa wa El Pópulo ndio wa zamani zaidi, La Viña ni wa wavuvi na una kelele hadi usiku wa manane, na pande za Plaza de Mina ni tulivu. Uliza mambo mawili tu kabla ya kulipa: kuna lifti? Na dirisha linatazama wapi? Nyumba nyingi zina ghorofa tatu au nne zilizozunguka ua wa ndani, na dirisha la uani halina upepo lakini lina usingizi.

Hatua ya 5: Jifunze upepo, maji na saa

Hapa ndipo safari inapopona au kuharibika.

Sisi tumezoea kaskazi na kusi, na tunajua kila mmoja una msimu wake. Cádiz ina levante utokao mashariki na poniente utokao magharibi, ila hizi hazingoji msimu: hubadilishana siku kwa siku. Levante ni mkavu na wa joto, na ukishika huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Hurusha mchanga kwenye ufukwe mrefu wa La Victoria hadi ukauma miguuni, na watu hupata maumivu ya kichwa na hasira. Poniente ni wa Atlantiki, wenye unyevu na ubaridi. Hata Julai utataka sweta jioni.

Kwa hiyo tazama utabiri usiku wa kabla, upange hivi. Levante ukivuma, shinda ndani ya vichochoro, makumbusho na soko, na ukitaka bahari nenda La Caleta, ambayo imetazama magharibi na mji mzima umeikinga kwa mgongo. Poniente ukivuma, tembea kando ya bahari mchana wote bila kuchoka, lakini usimwahidi mtoto kuogelea muda mrefu. Maji yale ni baridi kuliko ya kwetu hata katikati ya kiangazi.

Maji nayo hujaa na kupwa kama ya kwetu. Wakati wa bamvua tofauti hufika mita 3 na zaidi. La Caleta ni ufukwe mdogo: maji yakijaa sana hubaki kipande chembamba cha mchanga, yakipwa miamba hujitokeza na mashua hulala ubavu. Tafuta jedwali la siku, wenyewe huliita tabla de mareas, na ulinganishe saa ya kupwa na matembezi yako.

Halafu saa za watu. Chakula cha mchana ni kati ya saa nane na saa kumi. Maduka mengi hufunga kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja au zaidi. Chakula cha usiku ni saa tatu kwenda mbele. Ukienda saa moja utakuta jiko halijawashwa. Usipigane na ratiba hiyo. Rudi chumbani saa kumi ulale. Jua la Juni huzama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa kuwa Uhispania hufuata saa ya Ulaya ya kati ingawa Cádiz iko magharibi sana. Kwa Mwislamu hii ina maana ya Magharibi kuingia usiku mkubwa kwa desturi zetu, na Isha kuingia usiku mwingi zaidi.

Hatua ya 6: Alhamisi, zunguka ukingo

Ukifika mchana, weka mizigo, kula, pumzika. Saa kumi na moja anzia bustani ya Alameda Apodaca, upande wa kaskazini, bahari ikiwa kulia kwako. Utapita roshani za vigae, miti mikubwa ya jamii ya mkuyu yenye mizizi kama kuta, kisha Parque Genovés, na mwisho ngome ya Santa Catalina iliyoingiza pembe zake baharini mithili ya nyota. Kuingia ni bure.

Mtu wa Mombasa asiipite ngome hii haraka. Mwaka 1596 majeshi ya Uingereza na Uholanzi yaliiteka Cádiz, yakaipora na kuichoma. Ndiyo maana nyumba zilizotangulia mwaka huo ni chache mno. Mfalme Felipe wa Pili akaagiza ngome mpya, na ujenzi wa Santa Catalina ukaanza 1598. Mfalme huyo huyo wakati ule alikuwa pia mfalme wa Ureno, na Fort Jesus yetu, iliyojengwa kuanzia 1593 hadi 1596, ilijengwa chini ya utawala wake. Nilisimama kwenye pembe ya Santa Catalina nikaona mteremko wa kuta, mahali pa mizinga, mlango unaotazama nchi kavu, nikahisi niko pale nilipokuwa nikicheza baada ya chuo. Ngome mbili za bwana mmoja, bahari mbili.

Jua likikaribia kuzama shuka La Caleta. Kuna njia ya mawe inayokatiza maji kuelekea ngome ya San Sebastián. Tembea juu yake uwezavyo kufika, hata kama ngome yenyewe imefungwa, ugeuke uutazame mji ukigeuka rangi.

Hatua ya 7: Ijumaa, soko, mnara na makumbusho

Saa tatu na nusu asubuhi uwe Mercado Central, soko lililofunguliwa 1838. Meza za samaki ziko katikati. Utawajua wengi: jodari, papa, ngisi, pweza, na uduvi wakiwa bado wanaruka. Jodari bora ni wa Aprili hadi Juni, wanapotoka Atlantiki kwenda kutaga Bahari ya Kati. Wavuvi wa Conil, Barbate, Zahara na Tarifa huwanasa kwa almadraba, wigo wa nyavu zilizotiwa nanga kwenye njia yao. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu cha Andalusia, na maarifa yake ni yale ya uzio: samaki hufuata ukuta mwenyewe hadi chumba cha mwisho.

Kifungua kinywa ni churros, pembeni mwa soko. Si mahamri, hakuna hamira wala iliki, ni unga, maji na chumvi. Kula na kahawa ya maziwa.

Saa nne panda Torre Tavira, na uwe umeweka nafasi kabla, maana chumba cha juu huingia watu wachache kwa zamu. Ndani yake kuna giza, na kioo na lenzi vilivyo juu humwaga picha hai ya mji kwenye bakuli jeupe: nguo zinapepea, ndege anaruka, meli inaingia bandarini. Mwaka 1778 mnara huu ulifanywa kituo rasmi cha kutazama meli. Ukitoka juani kwenye paa utaona minara mingine. Bado imesimama zaidi ya 120. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara yote ya Uhispania na Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla kuja hapa, na kila tajiri akajenga mnara wa kuvizia meli yake. Meli hizo zilileta fedha, kakao na sukari. Wafanyabiashara wa mji huu walifanya pia biashara ya kuwauza Waafrika Amerika, na hilo nalitaja kwa sababu ukitazama yale majumba mazuri, sehemu ya gharama yake ililipwa na watu wetu.

Kabla ya chakula nenda makumbusho ya Plaza de Mina. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya hulipa kiasi kidogo. Ukiwa na nusu saa tu, itumie mbele ya majeneza mawili ya marumaru ya Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanoni ya leo, waliouanzisha mji huu kwa jina la Gadir, maana yake boma. Jeneza la mwanamume lilipatikana 1887. Mtaalamu wa mambo ya kale Pelayo Quintero aliamini kuna la mwanamke, akalitafuta miaka mingi, akafariki 1946 bila kuliona. Mwaka 1980 mafundi waliokuwa wakichimba msingi walilikuta, kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba ya Quintero mwenyewe.

Jioni pita San Felipe Neri, kanisa la umbo la yai ambamo wabunge walijadili katiba ya 19 Machi 1812 huku Wafaransa wakiuzingira mji. Hawakuuteka. Kisha nenda La Viña kula.

Hatua ya 8: Kula

Agiza kwa ukubwa: tapa ni kionjo, media ración ni nusu sahani, ración ni sahani ya kugawana. Anza na tortillitas de camarones, uji mzito wa unga wa ngano na wa dengu, kitunguu, kotimiri ya kizungu na uduvi wazima, umemwagwa kwenye mafuta moto hadi ukawa utando mkavu. Ukijua bajia utaipenda. Kisha cazón en adobo: papa aliyekatwa vipande, akalazwa kwenye siki, kitunguu saumu na binzari nyembamba, akapakwa unga na kukaangwa. Mama zetu wangetambua mkono ule. Kwenye maduka ya kukaanga, samaki huuzwa kwa uzani na kufungwa kwenye karatasi. Nunua robo kilo ukale juu ya ukuta wa bahari.

Anayeshika halali azingatie haya. Chicharrones, jamón, cerdo na manteca vyote ni nguruwe. Mchuzi wa jodari na vitunguu mara nyingi hutiwa mvinyo wa Jerez. Uliza “¿Lleva cerdo?” na “¿Lleva vino?”, wala hawachukii kuulizwa. Na kwa kuwa mikahawa mingine hukaanga samaki kwenye mafuta ya vitafunwa vya nyama, chagua duka linalokaanga samaki peke yake.

Lugha isikutishe. Meza ni mesa, sukari ni azúcar, limau ni limón, zaituni ni aceituna.

Hatua ya 9: Jumamosi, El Pópulo na kanisa kuu

Meli kubwa za watalii hufunga gati hatua chache kutoka mtaa huu, na asubuhi husukuma maelfu ya watu vichochoroni. Ratiba ya meli hutangazwa na mamlaka ya bandari. Ukiona siku hiyo kuna mbili, anza kwa kuvuka ghuba kwa catamarán, boti ya abiria, hadi El Puerto de Santa María, nusu saa majini, urudi baada ya chakula. Levante mkali huweza kuisimamisha, kwa hiyo uliza kwanza.

Katika El Pópulo ingia ukumbi wa maigizo wa Kirumi, uliojengwa karne ya 1 kabla ya Kristo na kugunduliwa 1980. Sehemu yake bado imelala chini ya nyumba za watu. Halafu gusa kuta. Jiwe la Cádiz huitwa ostionera, mchanga na makombe ya chaza yaliyoshikana kwa maelfu ya miaka. Utaona kombe zima limejitokeza kwenye kona. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja atajua papo hapo kwa nini hupakwa chokaa, maana matumbawe yetu nayo huliwa na chumvi vivyo hivyo. Kwenye kona nyingi wamezika mizinga ya zamani isimame wima, magurudumu ya mikokoteni yasichubue ukuta.

Kanisa kuu lilianza kujengwa 1722 likamalizika 1838. Fedha zilipopungua mawe yalibadilika, na ukuta unakuonyesha: chini marumaru, juu jiwe jepesi. Ndani wametandaza wavu chini ya dari, kwa kuwa chumvi ya bahari inamegua mawe. Shuka kwenye chumba cha chini, kilicho chini ya usawa wa bahari, alipozikwa mtunzi wa muziki Manuel de Falla. Kisha panda mnara. Njia yake ni mteremko bila ngazi nyingi, na juu utakuwa sawa na kuba la vigae vya manjano.

Treni ya jioni kwenda Sevilla haihitaji haraka. Kutoka Plaza San Juan de Dios hadi stesheni ni mwendo wa dakika tano, kwa hiyo kaa pale na kahawa ya mwisho hadi ibaki robo saa.